Tuwashawishi vipi wenzetu waje shule kwa miguu bila kuwadharau wanaotembea tayari?

Binti wa Chumbageni aliandika:

Shikamooni wakubwa wa jukwaa hili, na nyinyi vijana wenzangu hamjambo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Tanga mjini, na ni katibu wa kikundi cha wanafunzi ambacho mwaka huu kimejipa kazi ya kuwahamasisha wenzetu wanaokaa karibu waje shule kwa miguu badala ya kupanda bodaboda na bajaji. Nimeleta swali langu hapa kwa sababu jaribio letu la kwanza limekwenda kombo. Sababu yake naijua nusu, dawa yake siijui kabisa.

Shule yetu iko upande wa Chumbageni, na wanafunzi wengi wanatoka Ngamiani, Makorora, Msambweni na Mabawa. Ni mwendo ambao mtu mwenye afya anaumaliza kwa nusu saa hivi, wengine chini ya hapo, na mji wetu kama mnavyoujua ni tambarare. Ndiyo maana hata bibi zetu wameuzunguka kwa baiskeli miaka yote. Hata hivyo, kila asubuhi langoni petu pikipiki zinashusha wanafunzi wawili wawili na watatu watatu, mshikaki kamili, mmoja amekalia tangi mbele ya dereva na mabegi yananing'inia pembeni. Karibu kila muhula tunasikia kuna mwenzetu ameunguzwa mguu na ekzosi au ameteleza na pikipiki kwenye kona yenye mchanga.

Tulianza kwa kuchora mabango. Tuliandika kwa herufi kubwa, "Tembea, acha uvivu", na chini yake tukaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi ya kuchangamsha mwili. Jumatatu tukasimama langoni nayo tangu saa kumi na mbili na nusu. Ndipo akaja mwenzetu mmoja wa kidato cha pili anayekaa Kange. Huyu makonda humwacha kituoni mara kwa mara kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo na wao wanataka abiria wa nauli nzima, kwa hiyo zipo siku ambazo njia yote anaimaliza kwa mguu, na siku hiyo ilikuwa mojawapo, kwa kuwa vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini. Alilisoma bango taratibu, akatutazama, akauliza, "Na mimi nitembee tena hadi wapi?" Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Aliyekuwa ameshika bango hilo ni mimi, na asubuhi hiyo, nalisema kwa aibu, nilikuwa nimekuja kwa bajaji kwa sababu mabango yalikuwa mengi.

Tangu siku ile tunachekwa. Wanaotembea wanaona tumewatangaza kwa jambo ambalo hawakulichagua, na wanaopanda wanasema kuchapa lapa ni kazi ya asiye na nauli. Wiki iliyofuata tuliyaweka mabango kando, tukakaa langoni na daftari, tukaandika kila mwanafunzi amefikaje na saa ngapi. Hapo tukaona jambo ambalo hatukulitarajia: wanaokuja kwa miguu walikuwa wa mwanzo kufika, na pikipiki zilimiminika katika dakika kumi za mwisho kabla ya kengele. Sasa sielewi kama wenzetu wanachelewa kwa kuwa wanategemea pikipiki, au wanapanda pikipiki kwa kuwa wamechelewa.

Ninaomba ushauri wenu kuhusu maneno tunayopaswa kuyatumia, watu wa kuanza nao, na namna ya kufanya pale penye barabara kubwa, maana wapo wazazi ambao hawaogopi umbali hata kidogo, bali wanaogopa kuvuka.

---

Mstaafu wa Chaki alijibu:

Marahaba mwanangu. Mimi nilifundisha Tanga kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Bagamoyo ninakopumzikia, na barua yako imenirudisha kwenye lango la shule. Kwanza nikupongeze kwa kukiri habari ya bajaji, kwa kuwa wengi wangeiruka.

Neno "uvivu" lifuteni leo. Mtoto aliyeitwa mvivu hatembei, anatafuta hoja ya kujitetea, na hoja hiyo ataipata kwa jirani yake kabla kengele haijalia. Hata hizo dakika 60, ingawa ni za kweli na ni vizuri mzijue nyinyi mnaoongoza, si habari ya kumwamsha kijana saa kumi na moja na nusu asubuhi. Sisi tulikimbia mchakamchaka alfajiri tukiimba, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyekimbia kwa ajili ya moyo wake au mapafu yake. Tulikimbia kwa sababu wenzetu walikuwa wanakimbia, wimbo ulikuwa mtamu, na aliyebaki nyuma aliimbwa.

Hapo ndipo ninapotaka mpaangalie. Kutembea peke yako ni taabu, kutembea na wenzako ni maongezi. Huko Australia, katika miaka ya 1990, mtu mmoja aitwaye David Engwicht alilieneza wazo ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita basi la miguu: watoto wanakwenda shule kwa msafara, njia ni ileile kila siku, vituo vinajulikana, saa za kupita zinajulikana, mkubwa mmoja yuko mbele na mwingine yuko nyuma. Anayekaa njiani anasubiri kituoni, msafara unamchukua na kuendelea. Ukimkosa mtu kituoni humngojei, kama vile basi lisivyomngojea, na nidhamu ya saa inajijenga yenyewe. Waitaliano nao wamelichukua wakaliita Piedibus, na kwao wanaoongoza mara nyingi ni wazazi au wastaafu kama mimi.

Ninaomba viongozi wa misafara yenu wawe wale wanaotembea tayari, wala si wanakikundi mlioshika mabango. Anayekuja kwa miguu kutoka Mabawa kila siku tangu kidato cha kwanza anajua mambo ambayo hakuna kati yenu anayeyajua: mtaro upi unafurika ikinyesha, mbwa wa nyumba ipi hafungwi, upande upi wa barabara una kivuli cha miarobaini mchana mkirudi, na ni mahali gani magari hayapunguzi mwendo. Mfuateni mkamwambie, "Tunakuomba utuongoze, njia unaijua wewe." Mkimwendea hivyo, yule aliyekuwa akionekana hana nauli amekuwa rubani, na wanaojiunga wanajiunga kwake. Sijui njia nyingine ya kuiondoa aibu uliyoitaja.

Kuhusu wakati wa kuanza, Wamarekani walifanya siku yao ya kwanza ya kutembea kwenda shule mwaka 1997 kule Chicago, ikawa ya mataifa mengi mwaka 2000, na huwa ni mwezi wa Oktoba. Msiige mwezi huo. Oktoba kwetu vuli inabisha hodi na joto limeanza kurudi. Muhula wa pili unapofunguliwa Julai, kusi inavuma na asubuhi ina ubaridi, kwa hiyo hata mzembe anaona raha kutembea. Mtu akishazoea miezi mitatu hivi, mvua ya vuli haimrudishi nyuma kwa urahisi.

Na kwa kuwa ninyi ni watu wa Tanga, misafara ipeni majina. Mmoja uwe Coastal Union na mwingine African Sports, muone kama kuna mtu atakayetaka kupitwa. Nakumbuka Coastal ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, wiki nzima sikuweza kufundisha darasa likanisikiliza.

---

Msema Pembeni alijibu:

Mwalimu, kwa heshima zote, ukiwapa watoto wa Tanga majina ya timu hizo watafika shule wakiwa na mawe mfukoni. Majina ya samaki yanatosha, mmoja Changu na mwingine Nguru. Mengine yote uliyosema nayaunga mkono.

---

Mama wa Makorora alijibu:

Mwanangu, mimi ni miongoni mwa wazazi wanaolipia hiyo mishikaki mnayoihesabu langoni, na ningependa mtusikie kabla ya kutuandikia bango jingine.

Binti yangu yuko kidato cha kwanza, na kutoka kwangu hadi shuleni kwao ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nimeutembea siku za vikao vya wazazi. Ninampandisha pikipiki kwa ajili ya lango. Mwanafunzi akifika kengele imeshalia, anapigishwa magoti, kisha anafagia uwanja mzima, na kipindi cha kwanza kimempita. Mimi nauza chai na vitumbua tangu alfajiri na yeye ananisaidia kuosha vyombo, na mara nyingi hatumalizi kwa wakati. Ikifika saa moja kasoro dakika kumi, hesabu yangu ni moja tu: elfu moja ya bodaboda au mtoto apige magoti. Kwa hiyo lile swali lako la kuchelewa na pikipiki, kwangu jibu lake ni kwamba anapanda kwa kuwa amechelewa, na anachelewa zaidi kwa kuwa anajua pikipiki ipo. Ni mduara.

Mwaka jana alidondoka. Walikuwa watatu, dereva akakwepa shimo, yeye aliyekuwa nyuma kabisa akabaki hewani. Kiwiko kilichubuka na begi likapasuka, tukashukuru Mungu. Siku iliyofuata nilimwambia atembee, akatembea siku mbili peke yake, na siku ya tatu akanieleza kwamba kuna kijana mwenye pikipiki anayemsindikiza taratibu pembeni akimwambia, "Panda bure, mrembo, unajichosha." Hapo nilirudi kwa dereva ninayemjua mimi, ambaye ni mtu mzima, na sikutaka kusikia habari ya kutembea tena. Mnapohesabu faida za kutembea, wasichana msiwaweke kwenye mstari mmoja na wavulana, kwa maana njia ni moja lakini yanayowakuta si mamoja.

Kitakachonishawishi mimi si elimu ya afya. Nikijua kwamba saa kumi na mbili na nusu kuna dada wa kidato cha tatu au cha nne, ninayemjua kwa jina na ninayemjua mama yake, atagonga mlango wangu na kusema, "Shikamoo mama, tumekuja kumchukua," vyombo nitaviosha mwenyewe. Huyo dada asipotokea siku moja bila taarifa, msinitegemee tena. Na mkuu wenu wa shule muulizeni kama katika wiki mbili za mwanzo msafara ukichelewa dakika tano utapokelewa bila adhabu, kwa kuwa mkiadhibiwa siku ya kwanza kikundi chenu kimekufa siku hiyohiyo.

Kuna habari ndogo ya viatu. Siku za masika watoto waje na kandambili, viatu vyeusi wavibebe kwenye mfuko, kisha wavivae getini wakishanawa miguu. Mzazi aliyenunua viatu Januari hafurahi kuviona vimeachama Aprili.

---

Binti wa Chumbageni aliandika:

Shikamoo Mwalimu, na shikamoo Mama. Nimesoma majibu yenu mara mbili, na la Mama nimelisoma kwa sauti mbele ya wanakikundi wenzangu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria adhabu ya langoni, ingawa sisi wenyewe tunapigishwa magoti. Mama, nina jambo la kukuuliza: huyo dada wa kugonga mlango, ungependa aje peke yake au na wenzake wote wakisubiri nje?

---

Mama wa Makorora alijibu:

Aje na wote. Nataka kuwaona sura.

---

Kijiwe cha Mabawa alijibu:

Mdogo wangu, mimi ni dereva wa bodaboda, na wanafunzi ndio abiria wangu wa asubuhi. Mtu angedhani nitakupinga. Ukweli ni kwamba pesa ya wanafunzi ni ndogo na roho inakaa juu njia nzima. Sheria inaniruhusu abiria mmoja, na nikiwabeba watatu nawabeba kwa kuwa wote wamejaa kijiweni dakika ileile, kila mmoja analia amechelewa, na nikimwacha mmoja namwacha kwenye magoti anayoyasema mama hapo juu. Wakipungua nusu tu, nitabeba mmoja mmoja nikiwa na amani.

Kuhusu huyo aliyemwambia binti wa watu apande bure, sisi wenyewe kijiweni tunawajua wenye tabia hiyo. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayempa mwanafunzi mimba kifungo chake ni miaka 30. Wapo vijana ambao hawalijui hilo hadi waambiwe kwa sauti, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiwe akiombwa na shule aje aseme, atakuja. Vijiwe vina uongozi, vina daftari la majina, na dereva anayechafua sifa ya wenzake hukalishwa chini. Mama, ukiona namba ya pikipiki iandike kisha uilete kijiweni.

Sasa niwaeleze mnavyoonekana kutoka kwenye usukani, kwa kuwa waenda kwa miguu wengi hawajawahi kukaa upande wetu. Saa kumi na mbili na robo mwanga bado ni hafifu. Mvulana mwenye sweta jeusi na suruali ya bluu namwona nikiwa karibu kumgusa, lakini msichana mwenye ushungi mweupe ninauona ushungi kwanza, yeye mwenyewe baadaye, na ninapata muda wa kupunguza mwendo. Kwa hiyo anayeongoza mbele na anayefunga nyuma wavae kitu cheupe, hata ikiwa ni kanga ya mama iliyokunjwa begani. Mahali ambapo hakuna njia ya waenda kwa miguu, tembeeni upande wa kulia ili magari yanayokuja myaone usoni. Wanaotembea upande wa kushoto wanatupa mgongo. Tena msivuke mkitokea mbele au nyuma ya daladala iliyosimama. Mimi ninayeipita simwoni mtu hadi kichwa kitokeze, na hapo breki ni bahati.

Ombi langu ni moja. Zungumzeni na sisi madereva ili tusishushie langoni kabisa. Tukishushia hatua mia moja kabla ya lango, msongamano unaisha na wanaotembea wanapita salama, na hao abiria wetu nao watakuwa wametembea hatua mia moja, jambo ambalo ni mwanzo.

---

Fundi Barabara alijibu:

Mdogo wangu, kazi yangu ni ya ujenzi wa barabara, na nimefurahi kwamba kaka wa kijiweni amelifikia jambo ninalotaka kulisema, kwa kuwa mazungumzo haya yangeweza kuishia kwenye tabia za wanafunzi huku barabara yenyewe ikiachwa vilevile.

Mwendo wa gari ndio unaoamua mengi. Dereva anahitaji karibu sekunde moja kutambua kwamba kuna mtu mbele yake na kuukanyaga mguu wa breki, kisha gari nalo linahitaji umbali wa kusimama. Kwenye lami kavu na breki nzuri, gari lililo katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa litasimama baada ya mita 13 hivi. Lililo katika kilomita 50, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi nchini, litahitaji mita 28 hivi. Mnasoma fizikia, kwa hiyo mnajua kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara nne. Pimeni mita hizo kwenye uwanja wenu wa mpira kwa kamba, mmoja asimame mwanzo na wengine wawili wasimame kwenye alama za 13 na 28, halafu muwaite wenzenu waje watazame. Onyesho hilo linaingia akilini kuliko bango, na halimtukani mtu yeyote. Tena mnaweza kumwalika mkuu wa shule na diwani wakasimama kwenye alama.

Dar es Salaam upo mpango uitwao SARSAI, ulioendeshwa na shirika la Amend, ambao ulipata tuzo ya Ross ya taasisi ya WRI mwaka 2019. Nautaja kwa ajili ya kitu kimoja: hawakutafuta mambo makubwa. Walikwenda kwenye shule ambazo watoto wake wako hatarini, wakaangalia njia wanazopita, wakaweka matuta, vivuko, alama na njia za waenda kwa miguu, na mahali pengine wakahamisha lango tu, likaacha kutazama barabara kubwa likatazama mtaa uliotulia. Mnapokaa langoni na daftari lenu, ongezeni safu moja: kila mwanafunzi amevukia wapi. Baada ya wiki mtaona wengi wanavukia mahali pamoja ambapo hapana kivuko, na kivuko kilichochorwa kiko mahali ambapo hawapiti.

Daftari hilo ndilo mtakaloliambatanisha na barua. Kabla hamjaandika, ulizeni barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na barabara za mitaa na za wilaya zimekuwa chini ya TARURA tangu wakala huo ulipoanza kazi mwaka 2017. Barua iliyopelekwa kusiko itakaa kwenye jalada ikizeeka. Ipitieni kwa mkuu wa shule na bodi ya shule, nakala kwa ofisi ya mtaa na kwa askari wa usalama barabarani, na muombe kitu kimoja kinachoonekana, kwa mfano matuta mawili na kivuko mahali fulani mlipopataja kwa hatua kutoka kwenye mti au duka fulani. Anayeomba "usalama" anajibiwa kwa maneno. Anayeomba matuta mawili inambidi afisa aende kuangalia.

Wakati mnasubiri, skauti wa shule wenye vibao vya kusimamisha magari, wakiwa wamefundishwa na trafiki na mwalimu akiwa pembeni yao, wanaweza kuwavusha wenzao. Msijipeleke barabarani wenyewe bila mafunzo hayo. Nimeona mwanafunzi mwenye moyo mzuri akimnyooshea mkono dereva wa lori ambaye hakuwa na nia wala uwezo wa kusimama.

---

Msema Pembeni alijibu:

Tumemsahau kijana wa Kange. Huyo hahitaji msafara, anahitaji daladala isimame. Kikundi cha kuhamasisha watu kutembea kikimsaidia mmoja apande gari, nadhani hata wanaopanda pikipiki watawasikiliza.

---

Binti wa Chumbageni aliandika:

Ndugu Msema Pembeni, tulikuwa tumekaa juzi kujadili majibu yenu, na yeye mwenyewe alikuwepo, kwa sababu tulimwita. Tulimwomba radhi kwanza. Halafu tukamuuliza anachotaka kwetu, akajibu kwamba anataka tuandike kwenye daftari siku anazoachwa kituoni pamoja na saa na namba za magari, kwa kuwa yeye akienda kulalamika peke yake anaambiwa ni mtoro anayetafuta kisingizio. Tumeanza kuandika. Mwalimu wa nidhamu ameahidi kwamba ukurasa ukijaa ataupeleka mwenyewe kwa trafiki na LATRA, wanaosimamia usafiri wa nchi kavu.

Mwalimu Mstaafu, hatutasubiri hadi Julai kwa sababu wenzangu wana haraka, ila tutaanza na msafara mmoja tu wa kutoka Makorora, na ule wa Mabawa ndio utakaosubiri kusi. Anayeongoza ni msichana wa kidato cha nne ambaye ametembea njia hiyo miaka minne na hakuwahi kuwa mwanachama wetu. Tulipomwomba alifikiri tunamtania. Baadaye alichukua kalamu akatuchorea njia nzima, akatupitisha mbali na kona ambayo sisi tungeichagua kwa ufupi wake, akaandika pembeni, "hapa maji hujaa." Amekataa jina la Nguru, anataka Coastal, na mimi nimeona nisishindane naye.

Mkuu wa shule amekubali wiki mbili bila adhabu kwa msafara utakaoandikishwa majina, kwa sharti kwamba nimpelekee orodha kila asubuhi. Kaka wa kijiweni, mwalimu wa zamu angependa kuonana na mwenyekiti wenu siku yoyote baada ya saa nane mchana. Kaka Fundi, kamba ya mita 28 tumeipata kwa mlinzi wa shule, ni ya mkonge, na jana jioni tuliivuta uwanjani. Kutoka mstari wa goli ilipita boksi la penalti hadi tukaanza kuulizana kama tumekosea kupima.

Mama wa Makorora, tutakuwa kwako Jumatatu saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, sisi sita, na mimi nimo. Usiku wa jana kumenyesha, kwa hiyo mdogo wetu aje na kandambili.

---

Mama wa Makorora alijibu:

Mtanikuta mlangoni. Vitumbua vya njiani nimewahesabia sita na vya mwanangu viwili.